Jinsi ya Kupima Mwendo wa Atomu katika Kioo cha Metali kwa Hadubini ya Elektroni

Kioo cha metali ni aloi (metali iliyochanganywa na elementi nyingine) iliyopozwa kwa kasi kubwa hata atomu zake zikakosa muda wa kujipanga kuwa fuwele. Cha kwanza, cha dhahabu na silikoni, kilitangazwa huko Caltech, taasisi ya teknolojia ya California, Marekani, mwaka 1960. Katika mpangilio huo usio na utaratibu, hadubini haikuonyeshi atomu moja moja ikihama. Kinachopimika ni muda ambao mpangilio hudumu kabla ya kubadilika.

Chagua aloi isiyogeuka fuwele upesi, kama ile ya platini, shaba, nikeli na fosforasi. Sampuli iwe nyembamba ya kupitisha elektroni, nayo ipakwe tabaka jembamba la kaboni, kwa kuwa fuwele hupenda kuanzia kwenye uso ulio wazi. Ipashe moto ndani ya hadubini hadi juu kidogo ya halijoto ambayo kioo huanza kulainika, kisha subiri itulie.

Inamisha mwale wa elektroni ili kamera ipokee elektroni zilizotawanywa tu. Picha itakuwa na madoadoa: kila doa hung'aa pale atomu za eneo lake zinapokuwa zimekaa kwa namna ya kutawanya elektroni kuelekea kwenye kamera, na hufifia zinapojipanga upya. Piga picha mfululizo kwa muda usiopungua mara 40 ya muda wa mabadiliko yenyewe. Muda huo wa mabadiliko ukiwa sekunde 30, rekodi kwa dakika 20 au zaidi, la sivyo hesabu haitatulia.

Zipange picha zilandane ili kuondoa athari ya sampuli kusogea. Kisha, kwa kila nukta, zidisha mng'ao wa wakati mmoja na mng'ao wa baadaye, tafuta wastani, na ugawe kwa mraba wa wastani wa mng'ao. Fanya hivyo kwa nafasi mbalimbali za muda kati ya picha na uchore grafu: kasi ya kushuka kwa mstari wake ndiyo inayokupa muda unaoutafuta.

Hatua ambayo kamwe haifai kurukwa ni kuuchunguza mwale wenyewe, kwani elektroni zenye nishati kubwa zaweza kuzisukuma atomu. Rudia kipimo kwa mwale hafifu zaidi: muda ukibadilika, ulichopima si kazi ya joto peke yake. Kingo za sampuli nazo zichambuliwe kando, maana watafiti waliotumia aloi hiyo ya platini walikuta tabaka la karibu na uso, lenye unene wa takriban nanomita moja (sehemu moja ya bilioni ya mita), likibadilika haraka kuliko ndani kwa takriban mara kumi.