Ukivuta karavani (nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari) safari ndefu, panga pa kulala kwa saa, si kwa kilomita

Ramani ya simu ikikuambia mwendo ni wa saa 5, wewe hesabu 6 na nusu, hata 7. Yenyewe inapiga hesabu ya gari dogo lisilovuta kitu. Lenga kufika mwanga ungalipo. Kurudisha karavani nyuma gizani mahali usipopajua, mwenzako akipunga tochi, ni kutafuta ugomvi tu.

Ukipiga simu kuweka nafasi kwenye kambi ya kulala, taja urefu wa gari na karavani kwa pamoja, na uulize geti linafungwa saa ngapi. Kama ni usiku mmoja, omba nafasi ya kupita moja kwa moja: unaingia upande huu, asubuhi unatokea upande wa pili, wala huna haja ya kuitenganisha karavani na gari. Kwangu hili linashinda bwawa la kuogelea na mapambo yote.

Kituo cha akiba cha kulala kiwe njiani kabla ya kile ulichochagua, si baada yake. Na tangi la maji safi lijaze ukishafika, maana lita 100 ni kilo 100 za kuvuta njia nzima.