Somo: Mfupa ni kitu hai, ulivyoumbwa na unavyovunjika

Wengi tunaudhania mfupa kuwa kama jiwe, kwa sababu tunayoishika mikononi ni mifupa iliyokwisha kufa. Ulio mwilini mwako una damu, una neva, na haukomi kubomoa sehemu chakavu na kujenga mpya. Tuanze na jaribio, maana ukiliona kwa macho hulisahau.

Hatua ya 1: Tenganisha vitu viwili vinavyouunda
Chukua mfupa mwembamba wa kuku, uutoe nyama yote, uuzamishe kwenye siki. Badilisha siki kila baada ya siku mbili. Wiki ikipita, uoshe kisha ujaribu kuukunja: unapinda kama mpira! Siki imeyeyusha madini ya kalsiamu na fosfeti, zikabaki nyuzi za protini ziitwazo kolajeni. Mfupa uliokaa motoni mpaka ukawa mweupe una kisa cha kinyume. Kolajeni imeungua, umbo lipo vilevile, lakini ukiuminya unavunjikavunjika kama chaki. Ugumu basi ni kazi ya madini, na kolajeni ndiyo inayouwezesha mfupa kustahimili kishindo bila kupasuka. Shikilia hilo, maana hatua ya 3 yote imelala hapo.

Hatua ya 2: Tazama tabaka zake
Nje kuna utando wenye neva nyingi. Ukijigonga muundi ukaona nyota, ni huo. Chini yake kuna mfupa mgumu, na ndani, hasa kwenye ncha, mfupa wenye vitundu kama sponji. Ndani ya vitundu hivyo kuna uboho mwekundu, yaani nyama laini ya ndani ya mfupa, unaotengeneza seli za damu. Mtoto huzaliwa na vipande vinavyokaribia 300. Vingi huungana, mtu mzima akabaki na 206.

Hatua ya 3: Tambua mvunjiko
Ngozi ikiwa nzima, ni mvunjiko uliofungika. Ikichanika hadi kwenye mfupa, ni mvunjiko wa wazi, nao ni hatari zaidi kwa sababu vijidudu vimepata njia. Mfupa wa mtoto bado unanyumbulika, hivyo mara nyingi hupasuka upande mmoja na kupinda upande wa pili, kama kijiti kibichi. Kwa mzee ambaye mifupa yake imepungua madini na kolajeni pia, kuanguka tu kutoka alipokuwa amesimama kunatosha kuvunja nyonga.

Hatua ya 4: Kabla ya kufika hospitali
Usinyooshe, usikande. Naomba sana hapo: ncha ya mfupa uliovunjika ni kali, inaweza kukata mshipa wa damu au neva. Funga gango (kijiti au ubao wa kukishikilia kiungo kisicheze) jinsi kiungo kilivyo, livuke kifundo cha juu na cha chini ya jeraha. Kisha tazama vidole: rangi, joto, ganzi. Paja likivunjika, damu ya lita moja au zaidi inaweza kuvujia ndani bila tone kuonekana nje. Mgonjwa akipauka na kutoka jasho la baridi, kila dakika ina thamani.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kama anachezesha vidole, si ina maana hajavunjika?*
Hapana, ndugu yangu. Vidole huvutwa na misuli na kano, nazo zinaweza kufanya kazi hata mfupa ukiwa umepasuka. Eksirei ndiyo itakayoamua.

*Nina wiki ya tatu na plasta mkononi, maumivu yamekwisha. Naweza kuitoa?*
Usiitoe. Kwa sasa ncha zimeshikwa na tishu laini yenye gegedu (kama ile inayonyumbulika sikioni), madini bado hayajajaa. Kumbuka ule mfupa wa kwenye siki. Mifupa mingi huhitaji wiki 6 hadi 12, na muundi huweza kuzidi hapo. Kama unavuta sigara, acha, kwa kuwa inachelewesha kuunga.

*Mwanangu kafungwa plasta leo, analia kuwa inambana.*
Mama, mtazame vidole sasa hivi. Vikiwa vimevimba, vya baridi, vimepauka au vina ganzi, au maumivu yanazidi hata baada ya dawa, mrudishe hospitali usiku huuhuu.