SOMO: Santuri inatoa sauti iliyofubaa? Pitia hapa kabla hujanunua katriji mpya

Habari zenu wadau. Huku Uyole, Mbeya, baridi ya Julai imeshakaza na kama kila mwaka napigiwa simu zilezile, fundi mashine yangu ya santuri inaimba kama imefunikwa blanketi. Matoazi hayasikiki, "s" za mwimbaji zimekufa, imebaki besi tu imejaa chumba. Wengi wakifika hapo wanaagiza katriji Dar, kile kichwa kinachobeba sindano, hela inaondoka na sauti inabaki vilevile. Nawaomba sana msinunue chochote kabla ya haya, na mguse kitu kimoja kimoja, ukigusa viwili kwa mpigo hutajua kipi kimetibu.

Hatua ya kwanza ni nyuma ya mashine. Mashine nyingi za siku hizi zina swichi ya PHONO na LINE na hapa ndo watu wanaponea au wanapopotelea. Santuri inapochongwa besi inapunguzwa na trebo (sauti nyembamba) inaongezwa makusudi, ni utaratibu wa RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki Marekani, ambao ulishika dunia tangu miaka ya 1950, halafu saketi ya fono ndo inarudisha kila kitu mahali pake wakati wa kupiga. Sasa swichi ikiwa LINE, yaani saketi ya fono ya ndani ya mashine inafanya kazi, halafu umechomeka tundu la PHONO la amplifaya, kazi inafanyika mara mbili, trebo inakatwa mara mbili na besi inapandishwa mara mbili, ukiongeza sauti kidogo tu inakwaruza. Swichi LINE chomeka AUX (tundu la kawaida lisilo na saketi ya fono), swichi PHONO chomeka PHONO, basi. Kuna jamaa Mwanjelwa aliuza katriji nzima kabisa kwa bei ya hasara kwa sababu ya hiki kidude, iliniuma mpaka leo.

Pili, sindano. Chukua lenzi kama ya fundi saa, washa tochi ya simu, angalia ncha kwa ubavu. Mara nyingi utakuta kijidonge cha kijivu kimeng'ang'ania kwenye almasi, vumbi na mafuta ya vidole vimeshikana kama pamba iliyolowa, na kwa vumbi letu la Agosti mpaka Oktoba inatosha kupiga santuri chache tu kimerudi. Safisha kwa brashi laini kutoka nyuma kuja mbele, kuelekea kwako, kamwe usipitishe upande kwa upande maana kile kijiti kinachobeba almasi kinapinda. Spiriti weka kidogo sana kwenye brashi, usiiloweshe sindano, inaweza kulegeza gundi iliyoshika almasi. Hakikisha pia sindano imesukumwa mpaka mwisho kwenye katriji. Kuchakaa nako kupo, hesabu saa 500 mpaka 1,000 kutegemea aina, kwa LP (santuri ndefu) ya dakika 40 hiyo 500 ni kama kupiga LP 750. Na chungeni feki, mwaka juzi nilinunua sindano duka moja, boksi zuri kabisa, kuja kuiweka kwenye lenzi ncha imekaa upande.

Tatu, uzito ambao sindano inakandamiza santuri. Katriji nyingi za sumaku zinataka gramu 1.5 mpaka 2.5, fuata karatasi ya katriji yako. Mizani ndogo ya kidijitali kama wanayopimia dhahabu Chunya inafaa sana, ila kama sahani yake ni ya chuma sumaku ya katriji itavutwa na namba itadanganya, weka kipande cha plastiki kinene juu yake halafu uirudishe kwenye sifuri.

Urefu wa mkono unaobeba katriji: sindano ikiwa juu ya santuri, mkono uwe sambamba nayo ukitazama kwa ubavu. Ukilala nyuma sauti inakuwa nzito. Vile vipini vinne vya nyuma ya katriji vifute kwa kitambaa kikavu. Waya wa kwenda kwenye amplifaya uwe mfupi, mrefu sana unakata trebo ya katriji za sumaku.

Na baridi sasa. Kile kijiti cha sindano kimeshikwa na kampira kadogo, chumba kikishuka mpaka nyuzi 10 kampira kanakakamaa, sindano haichezi na sauti inabana. Hamishia mashine chumba chenye joto, iache nusu saa, piga tena. Msiingize jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa jamani, ile hewa yake ya sumu inaua.

MASWALI

Mdau wa Makambako: Mkuu, wimbo wa kwanza uko safi, wa mwisho karibu na lebo umefifia. Mashine mbovu?
Jibu: Siyo mbovu kaka. LP ya mizunguko 33 kwa dakika, pembeni inapita chini ya sindano kama sentimita 50 kwa sekunde, karibu na lebo inabaki kama 21, kwa hiyo trebo inabanwa kwenye nafasi ndogo. Ikizidi sana angalia uchakavu wa sindano na kama katriji imekaa nyoofu.

Dada wa Kihesa, Iringa: Nina radiogramu (redio na mashine ya santuri kwenye kabati moja) ya marehemu babu, nikiunga kwenye PHONO inanguruma tu.
Jibu: Pole dada, hiyo bila shaka ni katriji ya serami (kauri), siyo ya sumaku. Ya sumaku inatoa milivolti 3 mpaka 5, serami inatoa mamia, PHONO inazidiwa. Iunge AUX. Besi ikipungua usishangae, serami inataka tundu lenye ukinzani mkubwa. Kama bado imefubaa, mipira ya ndani imekauka kwa uzee.

Kijana wa Tukuyu: Shikamoo fundi, naweza kusafisha santuri zote kwa spiriti?
Jibu: Marahaba mwanangu. Hapana! Zile za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, nzito, zikianguka zinapasuka kama kigae, ni za shelaki (utomvu wa wadudu) na spiriti inaziyeyusha, ukifuta mara moja mifereji imekwenda. Tumia maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, fuata mfereji kwa kuzunguka, lebo isilowe, kausha hapohapo. Na usizipige kwa sindano ya LP, zenyewe zina sindano yake nene.