Kupanga siku nzima Longonot: anza hesabu kutoka jioni

Mlima Longonot, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, hudanganya macho. Kilele chake kiko mita 2,776 juu ya usawa wa bahari na lango la hifadhi liko kwenye mita zipatazo 2,150, basi mgeni hutoa moja kwa nyingine, akapata mita mia sita na ushei, akaona ni kazi ya asubuhi moja. Anachosahau ni ukingo wa kasoko, lile shimo kubwa la volkeno lililo juu ya mlima. Ukingo ule una meno kama msumeno: unapanda, unashuka, unapanda tena, na kila ulichoshuka utakipanda mbele. Wamaasai waliouita Oloonong'ot, mlima wa migongo mingi mikali, waliujua vizuri. Mimi huongoza makundi huko, na mpango ninaoutumia ni huu.

Hatua ya 1: Hesabu saa kinyumenyume

Lango hufungwa saa kumi na mbili jioni. Anzia hapo. Kushuka kutoka ukingoni hadi langoni ni kilomita 3.1, na kundi lililochoka huchukua saa moja na nusu. Kuuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2, nami hutenga saa nne kwa kundi la kawaida. Weka nusu saa ya dharura. Ukitoa vyote hivyo, unabaki na saa sita mchana: baada ya hapo, asianze mtu yeyote kuzunguka kasoko. Iandike saa hiyo na uitangaze kwa kila mmoja kabla hamjaondoka nyumbani. Ikitajwa mara ya kwanza mkiwa juu, italeta ubishi.

Najua uzito wa jambo hili. Kuna siku niliwaacha watu wapige picha kileleni hadi muda ukapita, kwa sababu walikuwa na furaha na sikutaka kuikatiza. Tulishuka gizani kwa tochi za simu, na dada mmoja akateguka kifundo cha mguu kwenye kokoto. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku ile saa yangu haijadiliwi.

Hatua ya 2: Chagua siku

Masika, Machi hadi Mei, njia huwa utelezi na makorongo yaliyochimbwa na maji huzidi kina. Radi nazo ni hatari kubwa, maana ukingoni huna mti wa maana wala pa kujificha. Januari na Februari ni kukavu, lakini vumbi ni jingi. Juni hadi Agosti kuna ubaridi mzuri wa kutembea, ila asubuhi ukungu huweza kufunika kasoko lote. Mimi hupenda siku ya katikati ya wiki. Jumamosi njia hujaa watu, na pale inapobana mnasubiriana.

Hatua ya 3: Maji kwanza, mengine baadaye

Mlimani hakuna kisima, kijito wala bomba. Lita 3 kwa kila mtu, na kila mtu abebe zake. Usikubali mpango wa "tutagawana". Chakula kiwe cha kuliwa mkiwa mmesimama: viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, ndizi, njugu. Kofia pana ni lazima, kwa sababu juu hakuna kivuli.

Viatu viwe vya soli yenye meno na viwe vimeshavaliwa siku nyingi. Longonot ni volkeno, na udongo wake ni majivu na mawe mepesi yenye matundu yaliyorushwa milipuko ilipotokea. Ukikanyaga, yanabingirika chini ya wayo kama punje za mahindi sakafuni. Vumbi lake ni laini na huingia kila mahali, basi vaa soksi ndefu, chomeka suruali ndani yake, na uwe na leso ya kufunika pua. Fimbo moja imara itakusaidia zaidi wakati wa kushuka.

Hatua ya 4: Safari na lango

Kutoka Nairobi ni kilomita zipatazo 90. Panda matatu ya Naivasha inayopitia Mai Mahiu, shuka Longonot mjini, kisha bodaboda hadi langoni. Mkiwa wengi, kodini gari. Hifadhi iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na kiingilio hulipwa kwa simu, basi lipeni usiku wa kuamkia safari. Lengo ni kuanza kutembea saa moja asubuhi.

Hatua ya 5: Kupanda hadi ukingoni

Mwanzo ni tambarare, na mtaona pundamilia, pengine twiga. Msiache njia, kwa sababu nyati wapo. Mwisho wake ndio mkali. Hapo mwache anayetembea polepole aongoze, na wengine wafuate mwendo wake.

Mkifika ukingoni, pumzikeni kabisa na mtazame chini. Sakafu ya kasoko imejaa msitu, na nyufa za kuta hutoa mvuke. Msijaribu kushuka humo.

Hapa ndipo uamuzi wa siku hufanyika. Muulize kila mtu peke yake, si mbele ya kundi: magoti vipi, maji yamebaki kiasi gani? Aliyekunywa zaidi ya nusu asizunguke. Abaki hapo au ashuke, lakini asiwe peke yake.

Hatua ya 6: Kuzunguka

Elekea kulia. Kwa njia hiyo utakutana na Kilele Ngamia, sehemu ya juu kabisa ya mlima, upande wa magharibi, miguu ikiwa bado na nguvu. Kutoka hapo utaona Ziwa Naivasha, mvuke wa Olkaria, penye mitambo ya umeme wa jotoardhi, na, kusini, mlima Suswa. Sehemu nyingine njia ni nyembamba na kuna shimo upande wa kasoko: tembeeni mmoja nyuma ya mwingine, na upepo ukivuma kwa nguvu simameni hadi utulie.

Hatua ya 7: Kushuka

Kaza kamba za viatu upya ili vidole visigonge mbele. Hatua fupi, magoti yamekunjwa kidogo, fimbo itangulie. Kuweni na nafasi kati yenu, jiwe likibingirika lisimpate aliye chini. Mkifika langoni, hesabu watu wako kwa majina, mmoja mmoja, kabla ya mtu yeyote kupanda gari.