Washkaji mkiwa Stockholm, shukeni chini ya ardhi

Wale mnaoishi Sweden au mnaopita Stockholm na washkaji, badala ya kumaliza hela kwenye makumbusho chukueni tiketi ya kawaida tu ya treni za chini ya ardhi mkaone sanaa iliyojaa kwenye stesheni zake, moja inadumu dakika 75 na ndani ya muda huo unashuka na kupanda unavyotaka. Kama mnataka kuzunguka bila presha chukueni ya masaa 24.

Anzeni T-Centralen, stesheni kuu ya treni hizo, lakini hakikisheni mko laini ya bluu, maana wengi wanaishia kule juu kwenye laini zingine halafu wanasema mbona sioni kitu. Kule bluu ni pango kabisa, mwamba umepakwa rangi nyeupe na bluu mwaka 1975, na ukutani kuna michoro ya mafundi waliojenga, hiyo naipenda sana. Hapo nendeni Kungsträdgården, stesheni moja tu, kuna masanamu na mabaki ya jumba la zamani. Halafu geuzeni hadi Solna Centrum, dari lote jekundu na chini yake msitu wa kijani, ila angalieni treni iandikwe Akalla, ya Hjulsta haifiki huko.

Picha pigeni treni ikishaondoka, platfomu inabaki tupu kidogo. Asubuhi na jioni watu wakienda na kutoka kazini acheni kabisa, na kwenye ngazi za umeme simameni kulia jamani, msizibe njia.