Mahekalu ya Bali: beba kikoi, amka mapema, na usijaze mengi kwenye siku moja

Kitu cha kwanza kuweka kwenye begi ni kikoi. Au kanga, au kitenge, chochote utakachojifunga kiunoni kikafika chini ya magoti, maana kwenye mahekalu ya Kihindu ya Bali, kile kisiwa cha Indonesia, huingii na kaptula wala kisketi kifupi, mwanaume mwanamke sheria moja, na mabega nayo yafunikwe. Wenyewe wanavaa saruni wanaiita kamen, afu juu yake wanafunga mshipi wa kitambaa unaitwa selendang, na huo mshipi ndo wageni wengi wanausahau. Wenyeji wanakwambia unatenganisha sehemu ya chini ya mwili, yenye tamaa, na ya juu yenye moyo na akili, kwa iyo sio urembo. Getini vitambaa vipo vya kuazima au kukodi, lakini mimi na dada yangu tulienda na vikoi vyetu vya Tanga, tukanunua mishipi miwili sokoni Ubud, mji wa huko Bali, na tulijisikia tumekuja tumejiandaa, sio kuvalishwa mlangoni.

Sasa hekalu lenyewe. Kama umezoea kupita Kisutu pale Dar ukaona mahekalu ya Wahindi, yale ni majengo yenye mlango na ndani kuna sanamu za miungu, watu wanavua viatu wanaingia. Bali sio hivyo. Hekalu lao linaitwa pura na ni nyua tatu zilizo wazi chini ya mbingu, unatoka uwanja wa nje unaenda wa kati afu wa ndani kabisa ambao ndo mtakatifu zaidi. Utapita geti kama mlima uliopasuliwa katikati nusu ikabaki huku nusu kule, hilo ni candi bentar. Ndani utaona minara ya paa juu ya paa, za nyuzi nyeusi za mti kama mnazi, inaitwa meru, na hizo paa hesabu yake kwa kawaida ni witiri, haigawanyiki kwa mbili: 3, 5, 7, mpaka 11. Utaona na kiti kirefu cha mawe ambacho hakijakaliwa na mtu wala sanamu. Usifikiri kimeibiwa kitu. Kiko tupu kwa sababu miungu wanakaribishwa washuke siku ya sherehe, wakimaliza wanaondoka. Mimi nilikaa mbele ya kile kiti asubuhi moja hakuna mtu, nikaelewa mengi kuliko maelezo yote niliyosoma kabla.

Ushauri wangu mkubwa, na huu naomba uusikilize kweli: usichukue ile ziara ya mahekalu sita kwa siku. Dereva wetu wa kwanza alitupeleka hivyo, dakika 20 hapa, picha, twende, dakika 20 pale, picha, twende, na jioni nilikuwa sikumbuki lipi ni lipi. Chagua mawili kwa siku. Kodi gari na dereva kwa siku nzima, mkubaliane bei na saa kabla hamjaanza, na mwambie mapema kwamba unataka kukaa.

Siku ya kwanza ningekupeleka bonde la mto Pakerisan, karibu na Ubud. Fika Tirta Empul asubuhi sana linapofunguliwa tu, maana kufika saa nne mabasi yameshajaa. Hili hekalu ni la mwaka 962 na moyo wake ni chemchemi, maji yanabubujika toka mchangani ndani ya bwawa unayaona kabisa, afu yanatoka kwenye mifereji ya mawe kwenda bwawa la kuogea. Hadithi yao ni kwamba mfalme mmoja mbaya, Mayadenawa, aliwatilia sumu askari wa mungu Indra, na Indra akatoboa ardhi yakatoka maji haya yakawaponya. Watu wanakuja kufanya melukat, yaani kujitakasa, na mgeni anaruhusiwa akifuata utaratibu. Unakodi saruni ya kuogea (usiingie na ile uliyokuja nayo), unaweka sadaka na kuomba kwanza, afu unaingia majini unaanza na mfereji wa kushoto. Unakunja mikono, unaomba kimya, unanawa uso, unaingiza kichwa chini ya maji, unasogea wa pili. Kuna miwili inarukwa, hiyo ni ya ibada za marehemu, angalia wenyeji wanafanyaje au muulize mtu. Maji ni ya baridi na usiyameze. Beba nguo kavu. Na tafadhali, kama hutaki kuomba basi simama pembeni uangalie, kuna watu pale wamekuja na msiba moyoni halafu wewe uko mbele yao unarekodi vidio.

Ukitoka hapo, dakika chache kwa gari kuna Gunung Kawi, na kama nguvu ya miguu inakutosha hekalu moja tu basi liwe hili. Unashuka ngazi karibu 300 katikati ya mashamba ya mpunga, unafika chini mtoni unakuta mahekalu madogo ya kumbukumbu ya wafalme yaliyochongwa kwenye ukuta wa jabali lenyewe, 10, kila moja kama mita 7 kwenda juu, karne ya 11. Hayajajengwa, yamechongwa! Watu wachache wanashuka kwa sababu ya kupanda kurudi. Beba maji, panda taratibu. Bonde hili lote na mifereji yake ya mpunga inayoendeshwa na mahekalu, utaratibu wanaouita subak, UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2012.

Goa Gajah, lile pango lenye mlango kama mdomo wa jitu, ni zuri ila nusu saa inatosha.

Pwani kuna Tanah Lot na Uluwatu. Tanah Lot iko juu ya mwamba baharini, inahusishwa na Nirartha, kuhani aliyetoka Java karne ya 16, na hapa sisi watu wa pwani tuna faida, angalia maji. Yakipwa unatembea mpaka chini ya mwamba, kuna chemchemi ya maji matamu na makuhani wanakubariki. Yakijaa unaangalia kwa mbali tu. Kwa vyovyote juu kwenye hekalu asiye Mhindu hapandi, na ndivyo ilivyo karibu mahekalu yote kwenye ule uwanja wa ndani wakati wa ibada, usibishane. Uluwatu iko ukingoni mwa jabali, mita 70 hivi chini yako ni mawimbi. Nenda jioni, jua likikaribia kuzama kuna ngoma ya kecak, wanaume kwa makumi wamekaa duara wanapiga "cak cak cak" kwa midomo bila chombo chochote huku wanaigiza hadithi ya Kihindu ya Rama na mkewe Sita. Ila miwani, kofia, hereni na simu ficha kabla hujashuka kwenye gari, nyani wa pale wanapora na hawarudishi mpaka wapewe matunda.

Besakih, hekalu mama, ni mbali kidogo, kwenye mteremko wa mlima Agung, yaani ni mahekalu 23 yamepandana. Mwaka 1963 mlima ulilipuka, zaidi ya watu 1,000 wakafa, lava ikapita mita chache tu kutoka hekaluni, na mpaka leo watu wanaisimulia hiyo kwa sauti ya chini. Lipe siku nzima.

Adabu nyingine. Dada zangu, ukiwa kwenye siku zako hauruhusiwi kuingia, na aliyefiwa karibuni pia, kwao ni kanuni ya usafi wa kiibada na haibagui wenyeji na wageni. Usipite mbele ya mtu anayesali, usikae juu zaidi ya kuhani, usipande kwenye ukuta au kiti cha mawe kwa ajili ya selfi. Vile visahani vya majani ya mnazi vyenye maua na udi chini njiani ni sadaka ya siku hiyo, inaitwa canang sari, zunguka, usikanyage. Salamu yao ni "Om swastiastu", asante ni "suksma", na utaona nyuso zinavyobadilika ukisema.

Mambo ya safari: sisi tulipitia Doha mpaka Denpasar, ndo eyapoti ya Bali. Viza hakikisha kwenye tovuti ya uhamiaji ya Indonesia kabla ya kukata tiketi. Toka Februari 2024 kila mgeni kutoka nje analipa ada ya kisiwa, rupia 150,000 za Indonesia, lipa mtandaoni kabla. Viingilio beba keshi. Miezi ya kiangazi ni Aprili mpaka Oktoba, ngazi za mawe zikinyeshewa zinateleza vibaya. Na cheki tarehe ya Nyepi, siku yao ya ukimya, kwa kawaida Machi, siku hiyo hata eyapoti inafungwa saa 24 na hutoki hotelini. Kila hekalu lina sherehe yake, odalan, mengi kila siku 210, kwa iyo muulize mwenye nyumba unapolala, karibu siku yoyote kuna kijiji chenye sherehe.

Wakikukaribisha, kaa chini na wengine nyuma kabisa. Kuhani atapita ananyunyiza maji, kinga viganja, cha kulia juu, unywe kidogo, jipake usoni. Afu atakupa punje za mchele mbichi uliolowa. Zibandike kwenye paji la uso, usizifute, ziache zidondoke zenyewe njiani ukirudi.