Kufunga Wi-Fi kwenye basi: anza na umeme, bando baadaye

Abiria akikuta Wi-Fi stendi ya Nanenane hapa Dodoma, anategemea kuitumia hadi anashuka. Nyingi huzimika mapema, na mara nyingi tatizo ni nyaya. Mimi hufunga hivi.

Hatua ya 1: pima njia. Kabla ya kununua chochote, safiri na simu mbili zenye laini za mitandao tofauti. Kama basi ni la Singida, andika kila mahali 4G inapokata kati ya Bahi na Manyoni. Hapo utajua laini ipi iwe kuu na ipi ya akiba.

Hatua ya 2: umeme. Hapa usiharakishe. Mabasi mengi makubwa yana betri mbili za volti 12 zilizofuatana kutoa 24, na injini ikiwaka alteneta (mashine inayochaji betri) huzifikisha karibu 28. Ruta (kifaa kinachosambaza Wi-Fi) ya nyumbani, ambayo kwa kawaida ni ya volti 12, itaungua. Wapo mafundi wanaokwepa hilo kwa kuchukua umeme kwenye betri moja tu. Usikubali kabisa! Betri hiyo inaliwa peke yake, lakini alteneta inazichaji zote mbili kwa pamoja: moja haijai, nyingine inazidishiwa. Mwisho basi linagoma kuwaka alfajiri, abiria wameshakaa. Nunua ruta ya magari inayopokea volti 9 hadi 30, au weka kishusha volti cha 24 kwenda 12. Fyuzi ikae karibu na betri, na umeme ukatike dereva akizima funguo.

Hatua ya 3: antena ya 4G iwe juu ya paa, maana bodi ya chuma huzuia mawimbi. Waya wake uwe mfupi. Ziba tundu kwa silikoni.

Hatua ya 4: gawa kasi. Bila kikomo, watu wachache wa video wanawanyima wengine wote. Ipe kila simu kilobiti 512 kwa sekunde. WhatsApp inakwenda vizuri, na hata abiria akitumia mfululizo hazidi MB 230 hivi kwa saa. Zidisha kwa viti na saa za safari, upate kiwango cha juu cha bando. Badilisha nywila ya kiwandani, kisha zitenge simu zisionane. Abiria wanatuma pesa humo, tuwalinde.

Hatua ya 5: injini ikiwa inaunguruma, washa taa na feni zote, upime volti pale ruta inapochomekwa. Zikishuka, fungua waya wa hasi unaoshika bodi, kwangua rangi na kutu hadi chuma king'ae, kaza, upime tena.